Somo la Wiki: Kopo la mbwa "lisilo na nafaka" lipimwe kwa kilichomo, si kwa kilichoondolewa

TUSEME wiki hii umeletewa ofa ya katoni 400 za chakula cha mbwa cha kopo kutoka Marekani. Kila katoni ina makopo 12 ya gramu 374, na kila kopo litakufikia ghalani kwa Sh. 3,500. Hayo ni makopo 4,800, yaani mtaji wa Sh. 16,800,000. Juu ya kopo pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba chakula hicho hakina nafaka, na mleta ofa anasema hiyo ndiyo sababu ya bei kuwa juu.

Je, ukubali au ukatae? Mfanyabiashara wengi wetu hapa huangalia mambo mawili tu: bei na tarehe ya mwisho wa matumizi. Katika bidhaa hii hayo hayatoshi. Mteja wa chakula cha mbwa hakionji mwenyewe, na mbwa hawezi kurudi dukani kulalamika. Kasoro hujulikana baada ya miezi, wakati mbwa amekonda au ameugua, na hapo duka huwa limekwisha kupoteza jina. Kwa hiyo somo la leo ni namna ya kusoma lebo ya kopo kwa hesabu ndogo ambazo kila mwenye kikokotoo anaziweza. Bei zote tutakazotumia ni za mfano. Lengo ni njia ya kuhesabu.

Maneno "bila nafaka" yanasema nini?

Maneno hayo yanasema jambo moja tu: ndani ya kopo hakuna ngano, mahindi, mchele, shayiri, mtama wala jamaa zao. Hayasemi kwamba kuna nyama nyingi zaidi. Hayasemi kwamba hakuna wanga. Mara nyingi nafasi ya nafaka huchukuliwa na njegere, dengu, viazi mviringo, viazi vitamu au muhogo, na vyote hivyo vina wanga.

Aidha, ni vema ifahamike kwamba nafaka iliyopikwa vizuri si sumu kwa mbwa. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayoonyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayohusika na usagaji wa wanga kuliko mbwa mwitu. Kuishi na binadamu kumembadilisha.

Wapo mbwa wanaodhurika na ngano kwa sababu ya mzio, lakini si wengi kama matangazo yanavyofanya watu waamini. Mapitio ya mbwa 297 wenye mzio wa chakula, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuta nyama ya ng'ombe ikiongoza kwa asilimia 34, ikifuatiwa na maziwa asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Maana yake ni kwamba mteja anayekimbia ngano na kununua kopo la nyama ya ng'ombe anaweza kuwa amekimbilia kule kule kwenye tatizo. Mwenye mbwa anayejikuna aelekezwe kwanza kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya kwanza: Tafuta sentensi ndogo

Kwenye lebo ya Marekani sehemu yenye thamani kubwa kwa mfanyabiashara ni sentensi iliyoandikwa kwa herufi ndogo, kwa kawaida pembeni au nyuma ya kopo. Sentensi hiyo hutaja AAFCO, ambacho ni chama cha maofisa wa udhibiti wa vyakula vya wanyama. Chama hicho ndicho kinachoweka viwango ambavyo majimbo mengi ya Marekani huvifuata.

Sentensi hiyo huja kwa namna tatu. Ya kwanza husema chakula kimetengenezwa kufikia viwango vya virutubisho vya AAFCO kwa umri fulani wa mbwa. Ya pili husema chakula kimejaribiwa kwa kulishwa mbwa. Jaribio la mbwa wazima huchukua wiki 26 na huanza na mbwa wasiopungua wanane. Ya tatu husema chakula ni cha kulishwa mara moja moja au kama nyongeza tu.

Hiyo ya tatu ndiyo mtego. Kopo la namna hiyo laweza kuwa na nyama nzuri kabisa, lakini si mlo kamili. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa akilishwa nyama peke yake kwa wiki nyingi, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa hulainika na huweza kuvunjika. Ukiuza kopo la nyongeza kama mlo wa kila siku, hasara itaanzia kwa mnyama na kuishia kwako.

Pia angalia umri uliotajwa. AAFCO inataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta asilimia 5.5, vikipimwa maji yakiwa yameondolewa. Kwa mtoto wa mbwa, na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, protini isipungue asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5. Kopo la mbwa mzima lisiuzwe kwa mwenye vitoto.

Hatua ya pili: Ondoa maji kwanza

Wateja wengi hushtuka wakiona kopo lina protini asilimia 9 na mfuko wa chakula kikavu una asilimia 26. Huona kopo ni dhaifu. Wanasahau maji. Chakula kikavu huwa na maji kama asilimia 10, wakati kopo huwa na maji asilimia 75 hadi 80 au zaidi. Huwezi kulinganisha gunia la mahindi makavu na ndoo ya uji kwa kutazama uzito.

Kanuni ni rahisi. Toa asilimia ya maji kutoka 100. Kisha gawanya protini kwa jibu ulilopata, na uzidishe kwa 100.

Mfano: Kopo lina maji asilimia 78 na protini asilimia 9.
100 toa 78 ni 22.
9 gawanya kwa 22, zidisha kwa 100, ni asilimia 40.9.

Mfuko: maji asilimia 10, protini asilimia 26.
100 toa 10 ni 90.
26 gawanya kwa 90, zidisha kwa 100, ni asilimia 28.9.

Kumbe kopo lililoonekana dhaifu lina protini nyingi zaidi katika sehemu yake kavu. Fanya hivyo hivyo kwa mafuta. Kopo lenye mafuta asilimia 8 na maji asilimia 78 lina mafuta asilimia 36.4 ya uzito mkavu. Hayo ni mengi. Mbwa mnene, au aliyewahi kuugua kongosho, hafai kupewa chakula hicho bila ushauri wa daktari.

Wanga hautajwi kwenye lebo nyingi, lakini unaweza kuukadiria. Jumlisha maji, protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu, kisha toa kutoka 100. Kinachobaki ndicho wanga. Majivu ni madini yanayobaki chakula kikichomwa, na lebo ya Marekani hailazimiki kuyataja, kwa hiyo mwombe muuzaji takwimu hiyo. Kumbuka pia kwamba lebo hutaja kiwango cha chini cha protini na mafuta, na kiwango cha juu cha maji na nyuzinyuzi. Kilichomo hasa chaweza kuwa tofauti. Mtengenezaji makini atakupa wastani halisi ukimwandikia.

Hatua ya tatu: Soma jina, kisha orodha

Jina la kopo nalo lina sheria zake huko Marekani. Kopo likiitwa "Nyama ya Ng'ombe kwa Mbwa", nyama hiyo haina budi kuwa asilimia 95 ya vitu vyote bila kuhesabu maji yaliyoongezwa, na asilimia 70 maji hayo yakihesabiwa. Likiitwa "Mlo wa Kuku" au "Chakula cha Jioni cha Kuku", kuku aweza kuwa asilimia 25 tu bila maji, au asilimia 10 maji yakihesabiwa. Likiandikwa "pamoja na Kuku", asilimia 3 inatosha. Likiandikwa "ladha ya Kuku", hakuna asilimia iliyowekwa, mradi ladha yenyewe itambulike. Neno moja dogo huweza kushusha kuku kutoka asilimia 95 hadi 3, na picha ya kuku kwenye kopo ikabaki ile ile.

Baada ya jina ingia kwenye orodha ya vitu vilivyomo. Orodha hupangwa kwa uzito, kizito kikiwa cha kwanza, na uzito huo ni pamoja na maji yaliyomo ndani ya kitu chenyewe. Nyama mbichi ina maji mengi, hivyo hupanda juu kirahisi. Unga mkavu wa njegere ni mwepisi, hivyo hushuka chini japo mchango wake katika sehemu kavu ni mkubwa.

Jihadhari na mgawanyo. Mtengenezaji aweza kuandika njegere mahali pamoja, protini ya njegere mahali pengine, na nyuzinyuzi za njegere chini zaidi. Ukizijumlisha, huenda njegere zikaikaribia nyama. Na kwa kuwa njegere zina protini, sehemu ya ile asilimia 40.9 uliyoifurahia yaweza kuwa imetoka shambani badala ya buchani.

Jambo hili lina historia chungu. Maabara kwa kawaida hupima naitrojeni, kisha hukadiria protini kutokana nayo. Mwaka 2007 ilibainika kwamba protini ya ngano iliyotoka China, iliyotumika kutengenezea chakula cha kopo na vifuko, ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi. Kipimo kilionyesha protini nzuri, na mbwa na paka wakafa kwa figo kuharibika. Kampuni moja peke yake iliondoa sokoni zaidi ya makopo na vifuko milioni 60. Funzo kwa mwekezaji ni kwamba tarakimu ya protini haikuambii imetoka wapi. Orodha na uaminifu wa mtengenezaji ndivyo vitakavyokuambia.

Chini ya orodha utakuta vitu vya kugandisha mchuzi, kama gundi ya guari na karajini. Karajini hutokana na mwani wa aina ile inayolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989, kuanzia Paje na Jambiani. Kazi yake ni kushika nyama na mchuzi pamoja, na haiongezi lishe. Kisha utakuta vitamini na madini. Wateja wengine huogopa majina hayo marefu, lakini kwenye kopo lililo mlo kamili ni ya lazima. Joto la kuua vijidudu ndani ya kopo huharibu sehemu ya vitamini B1, kwa hiyo kiwanda hakina budi kuiongeza. Vipimo pia vyapaswa kuwa sahihi: mwaka 2019 makopo ya chakula cha mbwa yaliondolewa sokoni Marekani kwa sababu vitamini D ilikuwa imezidi mno.

Suala la moyo

Mteja aliyesoma atakuuliza habari hii, na yakupasa uwe na jibu la haki. Julai 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuchunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kupanuka na misuli yake kulegea. Taarifa ya Juni 2019 ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa vilikuwa havina nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere, dengu au vyote viwili. Vingi vilikuwa vikavu, ingawa vya kopo pia vilikuwamo. Hadi Novemba 2022 taarifa za mbwa zilikuwa zimefikia 1,382.

Hata hivyo, FDA ilisema idadi ya taarifa peke yake haithibitishi kwamba chakula ndicho chanzo, na Desemba 2022 ilieleza kwamba haitatoa taarifa za mara kwa mara mpaka pawe na matokeo mapya ya maana ya kisayansi. Kwa hiyo usimwambie mteja kwamba chakula hiki kinaua. Vile vile usimwambie kwamba hakina neno lolote. Mwambie aangalie kama njegere na dengu zimejaa juu ya orodha, na amwone daktari wa mifugo mbwa akianza kuchoka upesi, kukohoa au kuzimia.

Hatua ya nne: Pima nguvu kwa shilingi

Sasa turudi kwenye mtaji. Mlo wa mbwa hupimwa kwa kilokalori. Kwa makadirio, gramu moja ya protini au wanga huhesabiwa kilokalori 3.5, na gramu moja ya mafuta 8.5.

Tuchukue makopo mawili ya mfano, yote yakiwa na maji asilimia 78.

Kopo A, "Nyama ya Ng'ombe kwa Mbwa": protini 9, mafuta 8, wanga 2. Gramu 100 zina kilokalori 106.5. Kopo zima lina 398. Sentensi ndogo: ni nyongeza tu.

Kopo B, "Mlo wa Kuku": protini 9, mafuta 5, wanga 4. Gramu 100 zina kilokalori 88. Kopo zima lina 329. Sentensi ndogo: mlo kamili wa mbwa mzima.

Mfuko wa chakula kikavu chenye mchele: protini 26, mafuta 14, wanga 40. Kilo moja ina kilokalori 3,500. Ni mlo kamili.

Tuseme makopo yote mawili yanauzwa Sh. 5,000 na kilo ya chakula kikavu Sh. 8,000. Kila kilokalori 100 zitamgharimu mteja Sh. 1,256 kwa Kopo A, Sh. 1,520 kwa Kopo B, na Sh. 229 kwa mfuko.

Mbwa mtulivu wa kilo 20 anahitaji kama kilokalori 900 kwa siku. Akilishwa Kopo B peke yake atakula makopo karibu matatu kasorobo, yaani kama Sh. 13,700 kwa siku. Kwa mfuko ni kama Sh. 2,060. Mwenye mbwa wawili wa ulinzi getini hawezi kuwa mteja wako wa makopo, hata ukimpa mkopo. Lakini mbwa mdogo wa ndani wa kilo 5 anahitaji kama kilokalori 320, ambazo ni karibu kopo moja tu la B kwa siku. Huyo ndiye mteja. Mwingine ni yule anayechanganya kijiko kimoja au viwili vya kopo kwenye chakula kikavu ili mbwa ale kwa hamu.

Hapa ndipo ofa ya makopo 4,800 inapopata sura yake halisi. Hesabu mbwa wadogo wa wateja unaowajua, si mbwa wote wa mji. Ukiwa na wateja 20 wa kopo moja kila siku, mzigo huo utakuchukua siku 240. Linganisha siku hizo na tarehe iliyogongwa kwenye kopo, kodi ya ghala na riba ya benki. Kwa Kopo A mwendo utakuwa wa polepole zaidi, kwa sababu halifai kuwa mlo wa kila siku, ingawa tarakimu zake za nyama na nguvu ni nzuri kuliko za B.

Kabla ya kutoa fedha

1. Omba picha ya lebo nzima, pande zote, si ya mbele tu.
2. Tafuta sentensi ya AAFCO. Kama ni ya nyongeza, agiza kidogo na uuze kama nyongeza.
3. Ondoa maji, kisha linganisha protini na mafuta.
4. Jumlisha aina zote za njegere, dengu na viazi.
5. Piga bei ya kilokalori 100.
6. Uliza wizara inayohusika na mifugo kuhusu kibali kabla mzigo haujapakiwa.
7. Mzigo ukifika, fungua katoni kadhaa. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu au lililobonyea kwenye mshono lisiuzwe wala kugawiwa bure.

Andika majibu yote kwenye daftari la ofa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi la wiki

Kopo la tatu limeandikwa "vipande vya kuku katika mchuzi". Lina maji asilimia 82 na protini asilimia 8. Je, protini yake katika uzito mkavu ni asilimia ngapi, na je, ni ununuzi bora kuliko Kopo B kwa bei ile ile?

Jibu: 8 gawanya kwa 18 ni asilimia 44.4, hivyo inaizidi B kwa tarakimu. Lakini gramu 374 zina kitu kikavu gramu 67 tu, wakati B ina gramu 82. Protini yenyewe ni gramu 30 dhidi ya 34 za B. Marekani huruhusu makopo ya mchuzi kuzidi maji asilimia 78, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida. Kwa bei ile ile mteja atakuwa amenunua maji zaidi, na baada ya wiki chache za kumwona mbwa wake na njaa, atakuja kukuuliza.